Nani akuangalizie picha yako ya mandhari: grupu, fundi au mzee wa ngalawa?

Picha yenyewe ilikuwa hivi. Ufukwe wa Mwambani, Tanga, jioni. Ngalawa imepandishwa mchangani, minazi miwili upande wa kushoto, baharini jahazi limetweka tanga, nyuma ya jahazi milima ya Usambara, na juu ya milima jua jekundu la kuzama. Mpwa wangu aliichora kwa kidole, kwenye simu, kwa programu ya ibis Paint X, siku tatu mfululizo usiku baada ya kuosha vyombo. Siku ya nne akaja dukani kwangu Ngamiani, akaweka simu juu ya kaunta, kati ya gundi na picha za pasipoti, akasema, "Mjomba, iangalie. Niambie ukweli."

Mtu akikuambia umwambie ukweli, mara nyingi anaomba ukweli uliotiwa sukari. Nalijua hilo kwa kuwa nami nimewahi kusimama upande ule wa kaunta. Nikamjibu, "Si mbaya." Aliyelelewa Tanga anajua "si mbaya" ni mbaya kiasi gani.

Katika wiki mbili zilizofuata picha ile ilipita mikononi mwa watu wa namna namna, kila mmoja akaikosoa kwa njia yake. Naziweka njia hizo ubavu kwa ubavu hapa, kwa sababu anayeanza kuchora mandhari kwa simu au kishikwambi katika mji kama wetu hukutana na njia hizo hizo, na akikosea kuchagua anaweza kuharibu picha nzuri au, vibaya zaidi, kuipamba picha mbovu.

Grupu au mtu mmoja

Alianza na grupu la WhatsApp la vijana wanaochora. Aliiweka saa mbili usiku na maneno mawili: "Mnaionaje?" Kufika saa tatu kulikuwa na emoji za moto, "umetisha dada", "kali sana", na mmoja aliyeandika "rangi hazijakaa". Kisha mtu akatuma tangazo la viatu na mazungumzo yakaishia hapo. Mpwa wangu alilala na furaha, akaamka na swali: rangi zipi hazijakaa? Aliuliza. Aliyeandika hakujibu, na sidhani kama mwenyewe alijua.

Hata hivyo sisemi grupu halifai. Tatizo ni swali. Ukiuliza "mnaionaje" unavuna emoji. Nilimwambia airudishe tena na swali lingine: "Ukiifungua tu, jicho lako linatua wapi kwanza?" Majibu yakaja haraka: jua, jua, mlima, jua, mlima wa kulia, jua. Hakuna hata mmoja aliyetaja jahazi. Na jahazi ndilo lililomfanya achore picha ile. Hilo fundi asingeweza kumpa, kwa sababu jicho la fundi limeshafundishwa kutafuta, haliangalii tena kama jicho la mpita njia. Kwa kupima mtazamo wa kwanza, watu kumi wasiojua kitu ni bora kuliko mmoja anayejua.

Jambo dogo la kiufundi ambalo limegombanisha watu bure: WhatsApp ikitumiwa picha kama picha, huibana. Anga ya jioni iliyopakwa taratibu kutoka machungwa hadi zambarau hufika kwa mwenzako ina mistari kama pindo la kanga. Watu wawili walimkosoa kwa mistari ambayo hakuichora. Itume kama dokumenti. Na anayeiangalia azime ile hali ya usiku ya simu inayotia skrini umanjano, la sivyo anakosoa simu yake.

Mtu mmoja ni polepole zaidi, lakini ana faida ambayo grupu halina: kesho anakumbuka alichokuambia jana. Hasara yake ni kwamba kila mtu ana ugonjwa wake. Nina jamaa ambaye picha yoyote ya mandhari ukimwonyesha atakushauri uongeze ndege. Bahari, ndege. Shamba la mkonge, ndege. Pango la Amboni, popo.

Maneno au kuchora juu yake

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea, na nitaanza na kosa langu. Baada ya lile "si mbaya" nilijitutumua nikasema kitu cha maana: "Milima yako iko karibu mno." Akaitikia, "Ndiyo mjomba," akaenda. Akarudi kesho yake na milima ile ile, ya bluu ile ile nzito kama wino, ila sasa imekuwa midogo. Imekaa nyuma ya jahazi kama vifusi vya kokoto vilivyomwagwa baharini. "Nimeisogeza mbali," akasema. Alifanya nilichosema, neno kwa neno. Mimi kwa "karibu" nilikusudia rangi, yeye akasikia ukubwa.

Maneno ya uchoraji yana hila hiyo. "Ongeza kina." "Legeza kingo." "Rangi zina kelele." Anayejua anasikia maelekezo, anayeanza anasikia mashairi.

Ndipo nikamwita rafiki yangu anayechora mabango kule Chumbageni na kutumia Krita, programu ya bure ya kompyuta. Huyu hakusema lolote ila sentensi moja: "Naruhusiwa kugusa?" Mpwa wangu akakubali. Akafungua nakala ya picha kwenye kompyuta ya dukani, si picha yenyewe. Kwanza akaweka leya mpya, yaani tabaka la kuchorea lisiloharibu yaliyo chini yake, juu ya zote, akaijaza nyeusi, akaibadilisha hali yake kuwa ile inayoathiri rangi peke yake. Rangi zote zikatoweka, ukabaki mwanga na giza tu.

Tukaona. Milima ya mbali ilikuwa nyeusi kuliko ngalawa iliyo hatua tano kutoka kwetu. Jahazi na bahari vilikuwa kijivu kimoja, ukikodoa macho jahazi halipo. Mahali pekee ambapo cheupe kabisa kilikutana na cheusi kabisa ni pale jua lilipogusa mlima wa kulia. Grupu lilikuwa limetuambia hivyo hivyo bila kujua sababu.

Kisha akaongeza leya nyingine, akadonoa rangi ya anga iliyo juu kidogo ya milima, akaipaka juu ya milima kwa brashi pana na wepesi mwingi, nzito zaidi chini kwenye vitako vya milima na hafifu kwenye vilele. "Kati yako na mlima ule kuna kilomita nyingi za hewa," alisema bila kugeuka, "na hewa ina rangi." Ni kweli. Hewa hutawanya mwanga wa bluu kuliko mwekundu, ndiyo maana kitu cheusi kilicho mbali huonekana kimevaa bluu, na kadiri kinavyokwenda mbali tofauti ya mwanga wake na giza lake hupungua. Pwani kwetu kuna na unyevu, unaongeza weupe chini chini. Na jioni, upande wa jua, ukungu ule haubaki bluu, huchukua umachungwa wa anga. Kwa hiyo milima iliyo chini ya jua la kuzama ikipakwa bluu ya wino, kosa ni mara mbili.

Mwisho akaigawa ile milima safu mbili, ya nyuma imefifia kuliko ya mbele. Yote hayo chai ilikuwa haijapoa. Akawa anaiwasha leya na kuizima kwa kubofya ile alama ya jicho: bila, nayo, bila, nayo. Mpwa wangu akanyamaza, halafu akatoa "kumbe" moja ndefu. Mimi na maneno yangu nisingeipata kumbe ile kwa mwezi mzima.

Lakini ina gharama. Wiki ile ile alichora picha nyingine, ya Lushoto saa sita mchana kwa kuangalia picha ya simu, na milima yake ilikuwa safu mbili, ya nyuma imefifia, na ukungu wa machungwa chini. Saa sita mchana! Alichukua jibu akaacha hesabu. Na siku moja alinong'ona kwa mama yake kwamba picha ya jahazi siku hizi haioni kama ni yake.

Kwa hiyo kama unakosoa kwa kuchora juu, omba ruhusa kwanza, fanya kwenye nakala, gusa kosa moja, na uliache likiwa limeparazwa, kwa brashi nene, hivyo kwamba hakuna mwenye akili atakayetaka kulinakili. Mimi naongeza langu ambalo rafiki yangu analiona ni uchoyo: usimtumie faili. Mwonyeshe, zima leya, funga, mwache akafanye yake.

Na ipo njia ya katikati ambayo watu huisahau, nayo ni mstari mmoja. Jahazi la mpwa wangu lote zima, mpaka ncha ya mlingoti, lilikuwa chini ya mstari wa upeo wa bahari, kama linavyoonekana kwa mtu aliye juu ya mnara. Sasa upeo wa bahari siku zote uko usawa wa jicho lako. Ukisimama mchangani, mstari ule unapita usawa wa kichwa chako, na mlingoti wa chombo chochote kikubwa utaukata na kupanda juu angani. Hilo halihitaji hotuba wala kupaka. Vuta mstari mmoja mwekundu juu ya picha yake, andika "jicho lako liko hapa", mwachie.

Nikiulizwa kipi bora, jibu langu linategemea kosa liko wapi. Kosa la jicho, yaani mwanga, giza, kingo, joto la rangi, lichore juu, maneno yatapotea. Kosa la mawazo, yaani picha inahusu nini, tumesimama wapi, kwa nini minazi miwili ina urefu mmoja kama milingoti ya goli, hilo liulize kwa maneno, tena liwe swali. Ukichora juu ya kosa la mawazo unamfikiria mwenzako badala ya yeye kufikiri.

Fundi au mzee wa ngalawa

Jumamosi tulikwenda Deep Sea, soko la samaki, kununua kitoweo. Kuna mzee pale anatengeneza ngalawa, tunafahamiana. Mpwa wangu akamsalimu, "Shikamoo babu," akaitikiwa, "Marahaba mjukuu wangu," na mimi kwa majivuno ya kijinga nikasema mwonyeshe babu picha yako. Wakati huo ilikuwa imeshapita kwangu, kwa grupu na kwa fundi. Milima ilikuwa imefifia vizuri, jahazi limetoka, upeo umekaa mahali pake.

Mzee aliishika simu mbali na uso, mkono umenyooka, kama wanavyofanya wenye macho yaliyochoka. Hakuuliza habari za rangi.

"Hapa umesimama wapi?"

"Mwambani, babu. Natazama baharini."

"Basi jua hili limepotea njia."

Bahari yetu iko mashariki. Jua hutoka humo asubuhi, halizami humo jioni. Na Usambara iko bara, magharibi. "Milima iko mgongoni kwako, mjukuu wangu. Ukiiona mbele yako na wewe watazama bahari, rudi nyumbani ukalale." Akakuza picha kwa vidole viwili. "Na upepo gani huu? Makuti yamelala kulia, tanga limejaa kushoto. Kusi au kaskazi? Chagua mmoja, miwili kwa pamoja chombo kitavunjika."

Niliona aibu, si kwa ajili yake, kwa ajili yetu. Watu wazima tulikuwa tumetumia wiki nzima kuifanya milima ionekane iko mbali kwa ustadi, mahali ambapo milima haipo kabisa. Kazi ya fundi ilikuwa sahihi kila kitu, na ilichofanya ni kuupaka uongo poda.

Mzee hakuishia kwenye kukosoa, na hapo ndipo aliponishinda mimi. Alimpa njia mbili. Ya kwanza: kama anachopenda ni duara jekundu juu ya maji wakati wa jioni, aweke mwezi wa kumi na nne. Mwezi mpevu huchomoza mashariki karibu na wakati ule ule jua linapozama magharibi, na ukiwa chini bado unakuja na wekundu wake. Kwa hiyo picha yake ingebaki karibu yote, ila milima ingeondoka na nuru ingebadilika: anga ya upande wa mwezi ingepoa, na mwanga wa mwisho wa jua ungeipiga minazi na jahazi kutoka nyuma yetu.

Ya pili: apande chombo. Aende baharini kwa mawazo, ageuke atazame nchi kavu. Hapo jua linazama nyuma ya Usambara kama linavyozama kweli, ufukwe na minazi viko katikati, na jahazi linatoka Pangani linapanda Tanga kwa kusi. Ukiwa umetazama magharibi, kusini ni kushoto kwako, kwa hiyo upepo unatoka kushoto, makuti kulala kulia ni sawa kabisa. Kilichokuwa na makosa ni tanga peke yake. Mpwa wangu aligeuza leya ya tanga, kitu cha kubofya mara moja.

Je, basi tuwaache mafundi twende kwa wazee wa ngalawa? Hapana. Mzee yule yule alisema jua ni zuri, liongezwe. Kama angeachiwa, picha ingekuwa jua na kamba. Hakuona kwamba jahazi lilikuwa limepotea kwenye kijivu, kwa sababu yeye jahazi analitafuta hata gizani. Mtu wa mahali anajua nini ni kweli, hajui jicho la mgeni litakwenda wapi. Mkulima wa mkonge atakuambia mistari ya shamba lako inakutana kombo, hatakuambia kwamba kijani chake kimekufa.

Na hata ukweli wa mahali una mipaka. Edward Said Tingatinga, kabla ya kwenda Dar es Salaam ambako alianza kuchora mwaka 1968, alifanya kazi ya kibarua katika mashamba ya mkonge huku huku Tanga. Mtindo uliobeba jina lake hauna ukungu wa mbali, hauna upeo wa macho unaokatisha milingoti, cha nyuma kinaweza kung'aa kama cha mbele, na hilo si kosa. Fundi wangu akiweka leya yake ya hewa juu ya picha ya namna hiyo ataiharibu kwa nia njema. Ndiyo maana siku hizi kabla ya kumkosoa mtu namwuliza picha imeahidi nini. Ukiandika chini yake "Mwambani, jioni", umeweka ahadi kuhusu jua linakozama. Ukiandika "Ndoto ya baharini", lizamishe hata kisimani.

Rasimu ya kiberiti au picha iliyokwisha

Mpwa wangu alichagua njia ya pili ya mzee, lakini kuanza upya hakukumfurahisha. Nilimwomba safari hii asichore picha, achore vijipicha sita vya ukubwa wa kiberiti, kwa rangi tatu tu: cheusi, kijivu, cheupe. Bila makuti, bila kamba. Vyote sita vikakaa ukurasa mmoja, na kwa mara ya kwanza tukabishana bila mtu kununa. Jahazi kulia au kushoto? Milima iguse jua au isiguse? Kila jibu lilikuwa na thamani ya kufuta mara moja. Neno lile lile nikilisema kwenye picha iliyomaliza usiku tatu lingekuwa matusi.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kukosolewa mapema, lakini si kwa kila mtu. Picha ya kwanza kabisa ya mtu, mwache aimalize, mtafutie jambo moja lililokaa kweli, umtajie mahali lilipo: "ule mwanga kwenye ubavu wa ngalawa." Si "nzuri". Mtu ambaye hajawahi kumaliza picha hata moja, ukianza kumkosoa kwenye rasimu hatafika kwenye rangi. Kuanzia ya tatu hivi, mapema ndiyo rahisi kwa pande zote mbili.

Iko na ya tatu ambayo wenye simu wanayo bila kujua. ibis Paint X hurekodi uchoraji wako ukaweza kuutazama kama video, na Procreate ya iPad hufanya hivyo pia. Nilipoangalia video ya mpwa wangu niliona kitu ambacho picha yenyewe isingesema: alianza na ngalawa, kipande kimoja kimoja, kabla hajajua anga itakuwa rangi gani. Baadaye anga ilipokuja nyekundu, ngalawa ikabaki na mwanga wa saa nne asubuhi. Mkono wake haukuwa na kosa. Mpangilio wa kazi ndio uliokuwa nalo. Tangu hapo, mtu akiniletea picha ambayo sielewi inaumwa wapi, namwomba video.

Na kabla hujamsumbua mtu yeyote, jisumbue mwenyewe. Igeuze picha kushoto iwe kulia, kwenye Krita ni kitufe cha M. Kilichoegemea utakiona palepale, maana jicho lako lilikuwa limeshazoea kilema. Kisha itoe rangi kwa ile leya nyeusi. Kisha iweke simu mwisho wa chumba. Makosa yasiyoonekana kwa njia hizo tatu ndiyo ya kuwapelekea watu.

Kujieleza kwanza au kunyamaza

Hili fupi. Ukitangulia kusema "hapa nilitaka kuonyesha upweke wa jahazi", kila mtu ataona upweke, maana watu wetu wana adabu. Nyamaza, waache waseme, halafu ndipo utaje ulichokusudia na kupima umbali uliopo kati ya viwili hivyo. Aliyekwisha kujitetea hajasikia.

Ila kwa wanaokosoa vijana wa nyumbani, jihadharini na "ndiyo mjomba". Mpwa wangu amelelewa kutombishia mkubwa, kwa hiyo nilipokuwa nimekosea aliniitikia kwa sauti ile ile kama nilipokuwa sawa. Njia niliyoipata ni kumwuliza, "Hebu niambie utaifanyaje kesho." Akianza kueleza najua kama tumeelewana au amenipa heshima tu. Na mara moja alijibu, "Sitaibadilisha, mjomba, minazi miwili ile ipo pale kweli, na ni pacha." Nikaenda kuangalia. Ipo, na ni pacha.

Kama ningekuwa na bando la siku moja na picha moja ya kukosolewa, ningeitumia hivi: asubuhi rasimu ndogo kwa mtu anayepajua mahali, mchana nusu saa ya fundi kwa kosa moja la mwanga, na jioni, ikiwa imekwisha, lile swali la jicho linatua wapi, kwa grupu. Sifa zitakuja zenyewe, hazihitaji bando.

Picha mpya ilichukua siku tisa. Grupu lilijibu: jahazi, jahazi, jua, jahazi. Jumamosi tukarudi Deep Sea. Mzee akanyoosha mkono na simu yake mbali, akaangalia jua likizama bara, akaangalia makuti na tanga vimelala upande mmoja, akatikisa kichwa polepole kwa kukubali. Kisha akaleta vidole viwili, akakuza, akakuza tena, mpaka skrini yote ikawa mlingoti.

"Foromali hii imeshikwa na nini? Henza iko wapi?" Yaani ule mti unaobeba tanga, na kamba ya kuupandishia.

Mpwa wangu akachukua simu, akakaa juu ya gogo pale pale, akafungua leya mpya. "Inapita wapi, babu?" akauliza. Mzee akatafuta kipande cha kamba.